Dizeli ya Kisasa Huugulia Kwenye Pumzi

Ukiifungua injini ya dizeli ya kisasa iliyotembea kilomita laki tatu kwa matunzo mema, mara nyingi utakuta chuma chake kingali kizima. Kuta za silinda bado zinaonyesha ile mistari ya kukingamana iliyochorwa kiwandani ili ishike oili. Krenki inang'aa. Pistoni zimekaa mahali pake. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kando ya fundi akishusha silinda hedi ya gari lililoletwa likivutwa kwa kamba, na mwenye gari amekwisha kukata tamaa akidhani injini imekufa. Haikuwa imekufa. Ilikuwa imekabwa.

Nimeishi na magari ya dizeli kwa miaka mingi, nikiyaendesha safari ndefu na kukaa gereji hata pale ambapo hakuna aliyenilazimisha, kwa kuwa napenda kujua kinachoendelea chini ya boneti. Kadiri ninavyoyajua ndivyo ninavyozidi kuamini jambo moja: dizeli ya kisasa haiugui mifupa, inaugua pumzi. Kuna hewa inayoingia, kuna dizeli inayonyunyizwa, kuna moshi unaotoka. Karibu kila hitilafu inayowatesa wenye magari haya huanzia katika njia hizo tatu, na moja huizaa nyingine. Anayebadilisha kipuri bila kuufuata mnyororo huo atarudi gereji na ugonjwa uleule.

Wapo wanaosema dizeli za zamani zilikuwa imara na hizi za leo hazifai. Naiheshimu kumbukumbu yao, maana pampu ya kimakanika isiyo na waya hata mmoja ilikuwa kitu cha kutegemewa kweli. Ilimradi kuna dizeli, hewa na mgandamizo, injini itanguruma. Lakini hauwezi kuwa ulinganisho wa haki mpaka uiweke na kazi kwenye mizani. Mercedes-Benz 260 D ya mwaka 1936, mojawapo ya magari madogo ya kwanza kuuzwa yakiwa na injini ya dizeli, ilikuwa na lita 2.6 na ilitoa nguvu farasi 45. Leo injini ya lita 2 hutoa nguvu farasi 150 bila kujikamua, nyingine 190, na abiria wa nyuma wanapiga soga bila kupaza sauti. Nguvu hiyo imetoka mahali.

Imetoka kwenye turbo inayoshindilia hewa, na imetoka kwenye shinikizo la dizeli. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 iliingia sokoni na mfumo wa reli moja inayolisha nozeli zote, yaani vinyunyizio vya dizeli, kwa pamoja, ndani yake mkiwa na shinikizo la bar 1,350. Siku hizi injini nyingi hupita bar 2,000, na zipo zinazofika 2,500. Tairi la gari dogo hujazwa bar mbili na ushei. Katika mlipuko mmoja wa silinda, nozeli inaweza kufunguka na kufunga mara tano au zaidi: tone dogo la kutangulia ili mlipuko usigonge kwa kishindo, kisha kipimo kikuu, kisha matone ya kufuatia. Sindano iliyomo ndani yake imesagwa ikaacha nafasi ya maikroni chache tu. Kitu kama hicho hakivumilii uchafu, na hakina sababu ya kuuvumilia.

Upande wa pili ni sheria za moshi. Ndani ya silinda ya dizeli kuna uchafu wa aina mbili usiopungua kwa pamoja. Moto ukiwa mkali sana, masizi hupungua, lakini naitrojeni ya hewani hushikana na oksijeni zikazaliwa oksidi za naitrojeni. Joto likishushwa, oksidi hizo hupungua na masizi huongezeka. Ukilikimbia moja unaliangukia la pili. Mwaka 2000, chini ya kiwango cha Euro 3, Ulaya iliruhusu gari dogo la dizeli litoe miligramu 500 za oksidi hizo kwa kilomita. Kufikia Euro 6, mwaka 2014, kiasi hicho kilikuwa kimeshushwa hadi 80, na masizi nayo yalibanwa vivyo hivyo. Ugumu wa kuyatimiza yote mawili ulionekana hadharani Septemba 2015, ilipobainika kwamba Volkswagen ilikuwa imeweka programu ya kutambua kwamba gari liko kwenye kipimo na kubadilisha mwenendo wa injini. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika. Hakuna udhuru wa udanganyifu ule. Ila ukitaka kujua kwa nini chini ya boneti ya leo kuna valvu, sensa na mabomba ambayo babu zake hawakuwa nayo, jibu limo katika nambari hizo mbili, 500 na 80.

Cha kwanza kuja kilikuwa valvu ya EGR. Kazi yake ni kuchukua sehemu ya moshi uliokwisha kutumika na kuurudisha kwenye njia ya hewa, ili silinda ipate oksijeni pungufu na moto usipande mno. Kwa nadharia ni jambo zuri. Tabu ni kwamba moshi huo umebeba masizi, na njia ya hewa ina mvuke wa oili unaopumuliwa kutoka tumbo la injini. Masizi makavu yakikutana na oili yanakuwa lami. Lami hiyo inajipaka ndani ya manifoldi ya kuingizia hewa mwaka baada ya mwaka, mpaka tundu lililopitisha vidole viwili linapitisha kalamu. Nimewahi kushika manifoldi ya namna hiyo, nzito kuliko inavyostahili, na nikajiuliza gari lile lilikuwa likipanda kilima kwa hewa ipi.

Dalili zake huja polepole, ndiyo maana mwenye gari huzizoea. Gari linakuwa zito mizunguko ikiwa chini. Ukikanyaga linachelewa kuitika. Mafuta yanakwenda zaidi ya ilivyokuwa. Ukipanda mlima, kioo cha nyuma kinakuonyesha wingu jeusi. Valvu ikikwama wazi, moshi unarudi hata pale usipohitajika, hewa safi inapungua, masizi yanaongezeka, na masizi hayo yote yanaelekea kwenye chujio lililoko nyuma yake. Baadhi ya injini zina pia vibao vidogo ndani ya manifoldi vya kuizungusha hewa. Kwenye injini za M47 na M57 za BMW, vibao hivyo vilijulikana kukatika na kumezwa na silinda, na hapo ndipo chuma kizima huharibiwa na kipande kisicho na thamani.

Sasa tufike kwenye chujio la masizi, lile mafundi wanaloliita DPF, kwa sababu ndilo linalolaumiwa kuliko kitu chochote kwenye dizeli ya leo. Peugeot ndiyo iliyolileta kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, kwenye 607 ya mwaka 2000. Ni mkebe wa kauri wenye maelfu ya vijia vyembamba, kila kijia kimezibwa upande mmoja, hivyo moshi hulazimika kupenya kwenye kuta na kuyaacha masizi nyuma. Kila chujio hujaa. Hili limetengenezwa lijue kujimwaga: masizi ni kaboni, na kaboni huungua ikipata joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi. Ukiwa kwenye barabara ndefu, injini ikivuta mzigo, sehemu ya masizi huungua yenyewe taratibu hata kwa joto la chini ya hapo, ikisaidiwa na kichocheo cha kikemikali. Yasipoungua ya kutosha, kompyuta ya gari inaamua kuyachoma. Inanyunyiza dizeli ya ziada ikiwa imechelewa, wakati pistoni imekwisha kushuka, ili iungue kwenye ekzosi na kupasha chujio moto. Shughuli hiyo huchukua kama dakika kumi hadi ishirini, na hurudiwa kila baada ya kilomita mia kadhaa.

Dakika hizo ndizo zinazoamua maisha ya gari. Mtu anayeendesha kilomita nne kwenda kazini na nne kurudi hazipati kamwe. Kompyuta inaanza kuchoma, yeye anazima gari. Kesho inaanza tena, anazima tena. Masizi hayakuungua, na ile dizeli ya ziada iliyonyunyizwa imeteremka kwenye kuta za silinda, ikapita ringi, ikaingia kwenye oili. Baada ya wiki kadhaa unavuta kijiti cha oili na kukuta imepanda juu ya alama ya mwisho. Watu hufurahi wakidhani injini haili oili. Injini hiyo ina hatari kubwa kuliko inayoila, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli huwa nyepesi, haishiki kwenye beringi, na ikizidi sana inaweza kuvutwa kwenye njia ya hewa. Kijiti cha oili ndicho kipimo rahisi kuliko vyote kwenye dizeli ya kisasa, na kinasomwa kwa pande mbili: kushuka na kupanda.

Ziko pia dalili za kwamba gari linachoma masizi, na mwenye dizeli anapaswa kuzijua kama anavyoijua sauti ya honi yake. Mizunguko gari likiwa limesimama inapanda kidogo kuliko kawaida. Feni ya radieta inavuma hata jua halipo. Kuna harufu ya moto chini ya gari, sauti ya injini inakuwa nzito kidogo, na kile kifaa cha kuzima injini kwenye foleni kinakataa kufanya kazi. Ukiyaona hayo usizime. Endelea mbele hadi yaishe. Hakuna tabia moja ya dereva ninayoijua inayookoa fedha nyingi zaidi ya hiyo.

Nakumbuka gari moja la jamaa yangu lililokuwa likijaza chujio kila mara. Gereji ya kwanza ililichoma kwa mashine, likarudi. Wakalifungua na kulisafisha kwa dawa, likarudi. Wakamwambia chujio limekufa, anunue jipya, na jamaa alikuwa karibu kutoa fedha. Nilimpeleka kwa mzee mmoja ambaye nimejifunza kwake mengi. Mzee hakugusa chujio. Aliunganisha mashine yake, akamwambia jamaa aliendeshe gari barabarani kwa mwendo wa wastani huku yeye akitazama nambari moja tu.

"Mwanangu," alisema waliporudi, "injini yako haijawahi kupata joto tangu lini?"

"Lakini mshale uko katikati, mzee."

"Mshale unakupa moyo tu. Maji yako yako nyuzi sitini na tano."

Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto, ilikuwa imekwama wazi. Maji yalikuwa yakikimbilia kwenye radieta tangu gari linapowashwa, injini haifiki joto lake la kazi, na kompyuta ya gari lile haikuruhusu uchomaji uanze kabla maji hayajapata joto la kutosha. Kuhusu mshale, kwenye magari mengi ya sasa umepangwa na kompyuta usimame katikati kwa wigo mpana wa joto ili usimtie dereva wasiwasi. Kipuri kidogo cha bei nafuu kilikuwa kikiua kipuri cha bei ghali, na gereji ilikuwa tayari kuuza cha bei ghali. Walipoweka thamostati mpya, chujio lilelile likajichoma na kuendelea na kazi.

Ndiyo maana sikubali chujio liitwe tatizo. Chujio ni shahidi. Likijaa kabla ya wakati wake linakuambia kuna kitu huko mbele kinazalisha masizi mengi au kinazuia moto: nozeli inayochuruzika, EGR iliyokwama wazi, bomba la hewa la intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, lililopasuka, thamostati, sensa ya joto la ekzosi, hata hita plagi, zile zinazopasha silinda moto wakati wa kuwasha, kwa kuwa magari mengine hukataa kuchoma masizi ikiwa plagi mojawapo imekufa. Hata tangi la dizeli likiwa kwenye akiba, magari mengi hayachomi. Uzee halisi wa chujio ni majivu, na majivu si masizi. Yanatokana na viungo vya madini vilivyomo kwenye oili, hayaungui kwa joto lolote la barabarani, na hujilimbikiza kidogo kidogo kwa kilomita nyingi. Hayo huondolewa kwa kulivua chujio na kuliosha kitaalamu, au kwa kuweka jipya.

Nozeli nazo zina njia zao za kuugua, na hapa mtu anahitaji subira kwa sababu nozeli mbovu huigiza magonjwa mengine. Ya kwanza ni kuvuja ndani: valvu ndogo iliyomo ndani ya nozeli na kiti chake vimechakaa, na dizeli nyingi inarudi kwenye bomba la marejeo badala ya kuingia kwenye silinda. Unapiga stata, injini inazunguka, reli haipati shinikizo la kutosha, gari haliwaki. Wengi hununua pampu. Fundi mwangalifu huchukua chupa ndogo za plastiki, moja kwa kila nozeli, akapima dizeli inayorudi. Ile iliyojaza chupa haraka kuliko wenzake imejitaja yenyewe. Ya pili ni kuchuruzika kwenye ncha, ambako huleta moshi mweupe asubuhi, mgongano wa chuma, na ikiachwa, tundu juu ya pistoni. Ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa udogo wake: ile pete ya shaba iliyo chini ya nozeli inaacha kuziba.

Pete hiyo ni senti chache. Ikivuja, gesi ya moto ya silinda inapenya juu, inaikaanga oili, na oili inageuka makaa. Kwenye injini ya 1KD-FTV ya Toyota, ile ya lita 3, makaa hayo yalijulikana kushuka hadi kwenye sampu, karai la oili chini ya injini, na kuziba chujio la kufyonzea oili, hadi injini ikakosa oili huku kijiti kikionyesha ipo tele. Kwenye injini ya lita 1.6 ya HDi iliyotengenezwa na Peugeot na Citroën kwa kushirikiana na Ford, makaa ya aina hiyohiyo yaliziba kichujio kidogo kwenye bomba la oili linaloilisha turbo. Turbo ikafa. Ikawekwa mpya, nayo ikafa. Ukiona moshi au utandu mweusi mgumu kuzunguka shingo ya nozeli, au ukisikia sauti ya kutema hewa injini ikiwa baridi, usisubiri huduma ijayo.

Na hapo nimekwisha kuisema turbo. Turbo ndogo huzunguka zaidi ya mara laki mbili kwa dakika, mhimili wake ukielea juu ya utando wa oili. Mara chache sana hufa kwa kosa lake. Huuawa na oili chafu, oili kidogo, mchanga uliopita kwenye chujio la hewa lililopasuka, au masizi yanayogandisha zile mbawa zake zinazojigeuza. Gereji inayokuuzia turbo bila kukuambia ya kwanza ilikufa kwa nini imekuuzia nusu ya kazi. Turbo ikivunjika vibaya, oili inaweza kumiminika kwenye njia ya hewa, na kwa kuwa dizeli haihitaji cheche, injini itaichoma oili hiyo na kupanda mizunguko bila kukanyagwa, wala ufunguo hauizimi. Mwenye gia za mkono aingize gia ya juu kabisa, akanyage breki kwa nguvu zote na kuiachia klachi mpaka injini izimike. La sivyo, atoke, na watu wakae mbali.

Kuhusu dizeli yenyewe nitasema machache lakini nayasema kwa msisitizo. Pampu ya shinikizo kubwa hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Maji kwenye dizeli, au petroli iliyowekwa kwa bahati mbaya, huondoa ulainishaji huo. Pampu ya CP4 ya Bosch imekuwa mfano wa uchungu: kile kipande kinachobeba rola juu ya kamu kikigeuka kidogo, rola inaanza kukwaruza badala ya kuviringika, chenga za chuma zinasambaa kwenye reli na nozeli zote, na mfumo mzima wa mafuta unakwenda. Mtu akikujazia petroli, usiwashe gari hata kulisogeza. Chujio la dizeli libadilishwe kwa wakati, la ubora unaoaminika, na maji yaliyotuama chini yake yamwagwe.

Cheni ya taimingi, ile inayozifanya valvu ziende sambamba na pistoni, inastahili kutajwa pamoja na mengine machache, ingawa si ya pumzi. Injini ya N47 ya BMW, iliyoanza mwaka 2007, iliwekewa cheni upande wa nyuma, kwenye giaboksi, kwa hiyo kazi ya kuibadilisha huanza kwa kuteremsha giaboksi au injini yenyewe. Mkwaruzo wa chuma unaotoka upande wa kiti cha dereva, kwenye injini hiyo, si wa kupuuza. Flaiwili ya vipande viwili, lile gurudumu zito linalotuliza mtikisiko wa injini, huchakazwa na madereva wanaoikaba injini kwenye gia ya juu mizunguko ikiwa chini. AdBlue, kimiminika kinachonyunyizwa kwenye ekzosi ili kupunguza oksidi za naitrojeni, ambacho ni urea asilimia 32.5 iliyoyeyushwa kwenye maji yasiyo na madini, huganda kwa nyuzi 11 chini ya sifuri na huacha fuwele nyeupe zinazoziba nozeli yake. Ikiisha kabisa, magari mengi hukataa kuwaka tena. Hita plagi za kisasa hufika nyuzi 1,000 kwa sekunde chache, na ubaya wao uko siku ya kuzitoa, maana hung'ang'ania kwenye hedi na kukatika. Zitolewe injini ikiwa na joto, taratibu, na mtu asiye na haraka.

Oili ndiyo ninayoweza kuizungumzia usiku kucha. Gari lenye chujio la masizi linataka oili yenye majivu machache, ile ya kundi la C la ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya. C3, kwa mfano, hairuhusiwi kuzidi asilimia 0.8 ya majivu ya salfeti, wakati oili za zamani za A3/B4 zinaweza kufika 1.6. Ukiweka hiyo ya zamani, hata iwe ghali, unalijaza chujio majivu. Fuata namba ya kiwango iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si maneno makubwa ya kwenye mkebe. Na zile kilomita 30,000 ambazo baadhi ya watengenezaji waliruhusu kati ya huduma na huduma zilihesabiwa kwa magari yanayokimbia masafa marefu bila kusimama. Mimi siendi zaidi ya 10,000. Oili ndiyo inayobeba masizi, ndiyo inayopokea dizeli iliyopita ringi, ndiyo inayoishika turbo na cheni, na galoni moja ya oili haikaribii bei ya chochote kati ya hivyo.

Basi je, mtu anunue? Namjibu kwa kumuuliza anavyoendesha. Anayesafiri masafa, anayevuta tela, anayepakia mizigo, anayepanda milima, hatapata rafiki mwema kama dizeli ya kisasa, na itamfikisha kilomita laki tatu bila kelele. Anayezunguka mtaani kwa safari za dakika kumi anunue petroli au mseto wa petroli na umeme. Muuzaji anayemficha hilo hamtendei haki, kwa sababu gari hilo litaugua hata likiwa jipya kabisa, na hakuna fundi atakayelitibu bila kubadilisha maisha ya mwenyewe.

Kuna dawa moja inayouzwa sana ambayo siikubali: kulitoboa chujio, kulitoa tumbo, na kuiandikia kompyuta programu mpya isiulize. Gari litavuta vizuri, sikatai. Lakini nozeli ile inayochuruzika inaendelea kuchuruzika, sasa bila shahidi wa kuitaja. Na masizi yaliyokuwa yakikaa kwenye mkebe yanaingia kwenye vifua vya watu. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa uhakika kusababisha saratani kwa binadamu. Mtoto anayetembea nyuma ya gari lako hakuchagua kuvuta moshi wako. Katika nchi nyingi ni kosa la kisheria, lakini hata pasipo sheria mimi nisingelifanya, na fundi ninayemheshimu hulikataa.

Anayenunua dizeli iliyotumika afike asubuhi na aikute injini baridi; mwenye gari aliyeipasha moto kabla ana jambo analolificha. Aisikilize inapowaka, atazame rangi ya moshi. Mweupe unaoendelea ni dizeli isiyoungua au maji, wa bluu ni oili, mweusi ni hewa pungufu au nozeli. Afungue kifuniko cha oili injini ikinguruma aone kama inatema moshi kwa nguvu. Avute kijiti, ainuse oili kama ina harufu ya dizeli. Kisha mashine iunganishwe mbele ya macho yake, isome kiasi cha masizi na majivu kwenye chujio, kilomita zilizopita tangu lijichome mara ya mwisho, joto la maji likiwa barabarani, na masahihisho ambayo kompyuta inampa kila nozeli ili silinda ziende sawa. Nozeli moja ikisahihishwa sana kuliko wenzake, bei ishuke au aondoke. Nambari hizo zikiwa nzuri na oili iko kwenye alama yake, sijali odometa inasoma laki moja au laki mbili na nusu. Ningelinunua.